Usukani unaocheza na hesabu za Gerezani

Hilux ya miaka ya 1990 bado ni mtaji. Inashusha kabichi kutoka Lushoto, inabeba saruji Mbagala, na ikipakiwa kupita uwezo wake hailalamiki papo hapo. Inalalamika baadaye, huko chini kwenye tairodi na boli jointi, mpaka dereva anajikuta anazungusha usukani kiganja kizima kabla tairi hazijafuata.

Ugonjwa huo unawaweka wengi mjini. Maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, na ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, yanauishi kila siku, sembuse gereji za chini ya mwembe. Sheria nazo zimechangia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililovuka miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania inaruhusu, ila hutoza ushuru wa uchakavu. Mwenye pikapu kuukuu akipiga hesabu, anaona heri aitengeneze.

Tatizo ni kwamba kwenye kutengeneza ndiko kubahatisha kulikojaa. Ukaguzi wa kweli hauhitaji mashine. Gari likiwa limesimama kwa tairi zake na injini inaunguruma, mtu mmoja anachezesha usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Mwenzake amelala chini, mkono juu ya kiungo kimoja kimoja: stelingi boksi, pitman amu, aidla amu, kisha tairodi za pande zote mbili. Upande mmoja wa kiungo ukisogea na wa pili ukachelewa, hapo ndipo pabovu. Baada ya hapo jeki inainua tairi: likicheza linaposukumwa kushoto na kulia, macho yaelekee tairodi, likicheza juu na chini, ni boli jointi au beringi.

Kazi ya dakika chache, na hakuna anayeilipia.

Kinacholipiwa ni spea na kufunga spea. Ndiyo maana mteja huambiwa alete tairodi, wiki ijayo boli jointi, mwezi ujao bushi. Aliyeishiwa hela hufanyiwa njia ya mkato: nati ya skrubu iliyo juu ya stelingi boksi inalegezwa, skrubu inazungushwa kidogo, nati inakazwa tena. Usukani unakuwa mgumu na mwenye gari anaondoka akitabasamu. Lakini kama ubovu ulikuwa kwenye aidla amu, hakuna kilichotibiwa. Skrubu ikizidishwa, meno ya ndani yanalika na usukani unakataa kujirudi baada ya kona. Kwenye barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita kama 33 za kupinda, hilo si jambo la mzaha.

Mfanyabiashara mmoja wa spea Gerezani, ambaye hakutaka jina lake litajwe, ana donge lake, na si dogo. Anasema lawama zote humwangukia yeye wakati mchaguzi wa spea ni fundi. Fundi anakuja na mteja, anataka tairodi ya bei ya chini kabisa, mteja anatajiwa bei nyingine, na tofauti inabaki kwa fundi. Hicho ndicho cha juu, na kwa maelezo yake duka lisilokitoa hupitwa bila salamu. Spea ikilegea baada ya safari chache, mteja anarudi kumtukana mwenye duka. Anakiri pia kwamba kwenye rafu zake kuna daraja tatu, yaani orijino, mtumba wa nje na zile zinazoitwa “za kawaida”, na kwamba maboksi siku hizi yanafanana mno. Kwa nini basi haachi kuuza za kawaida? Kwa sababu, anajibu, ndizo zinazotoka.

Mafundi wana upande wao, na wana hoja: mteja anayegoma kulipia ukaguzi asishangae fundi akijilipa kwingine.

Ndani ya bei ya spea kuna kodi pia, na hapo afisa mmoja wa masuala ya kodi nchini Tanzania anaona mambo kwa jicho jingine. Anasisitiza kwamba mfanyabiashara mdogo ameshapunguziwa mzigo, na ushahidi wake ni tarakimu moja: tangu mwaka 2023 kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mtu kujisajili kwa VAT kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Tarakimu ni sahihi. Nafuu yenyewe ndiyo haionekani dukani. Asiyesajiliwa bado anabebeshwa VAT ya asilimia 18 ndani ya bei ya mwagizaji, na hana mahali pa kuidai. Afisa huyohuyo anasema bidhaa feki zinadhibitiwa. Anayepita Gerezani na kugeuza maboksi mawili matatu atakuwa na maswali.

Mbele ya safari hakusomeki vizuri. Hilux aina ya Vigo, zilizoanza kuundwa Thailand mwaka 2004, nazo sasa zimezeeka, na hizo zinatumia raki badala ya stelingi boksi. Raki ikichakaa, wengi hubadilisha nzima. Huenda hilo likanenepesha soko la raki za mtumba, ambazo kwa macho ya dukani mbovu na nzima hazitofautiani. Huenda pia likawapa kazi mafundi wachache wanaojua kubadilisha sili na bushi zake. Bei kushuka ni jambo ambalo hakuna aliyethubutu kuliahidi.

Kwa sasa, mwenye pikapu asitoe hela kabla hajaoneshwa kiungo kinachocheza, na spea iliyofunguliwa adai akabidhiwe. Alaimenti isiachwe kwa ajili ya wiki ijayo: tairodi ikibadilishwa, mwelekeo wa tairi umeshahama, na tairi mpya zitaanza kulika upande siku hiyohiyo.