Hudi au Filta? Pesa ya Kwanza kwa Lenzi ya Zamani

Ukiwa Morogoro mjini asubuhi, Milima ya Uluguru iko upande wa kusini na mashariki, na jua linachomoza hukohuko. Ndiyo saa ambayo kilele cha Lupanga, chenye zaidi ya mita 2,100, huonekana vizuri kabla mawingu hayajakifunika. Mwenye simu mpya atapiga tu picha yake akaendelea na safari. Mwenye kamera ya filamu ya zamani ana kazi, kwa sababu lenzi yake ina utando mwembamba tu wa kuzuia mng'ao, au haina kabisa. Jua likiipiga kwa ubavu, mwanga unarukaruka ndani ya vioo na weusi wote wa picha unageuka kijivu. Nimewahi kupoteza hivyo filamu nzima ya mlima huu, picha 36.

Nazungumzia kamera ambazo jicho halipiti kwenye lenzi. Unachungulia kidirisha kilicho juu, unaona taswira mbili, unazungusha lenzi mpaka zishikane. Humo zimo Zorki na FED za Kisovieti, Leica za Ujerumani, Canonet na Yashica Electro 35 za Japani. Kidirisha hicho hakikuonyeshi mng'ao, wala giza ambalo hudi (pete ya kukinga lenzi na jua) imelitia kwenye pembe za picha. Utayaona filamu ikishasafishwa, na pesa imeshakwenda.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye hudi, ile pete ndefu inayokaa mbele ya lenzi na kuikinga na mwanga wa pembeni. Watu wengi huanza na filta ya UV kwa kuambiwa inalinda lenzi. Mimi napinga. Kioo kisicho na utando hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, na filta ina nyuso mbili. Ukifunga UV ya bei rahisi mbele ya lenzi ya zamani umeongeza mng'ao uleule unaoukimbia. UV naifunga siku ya manyunyu tu, nikipandisha mlimani kuelekea Morningside. Na usidanganywe kwamba inazuia kuvu: kuvu huota ndani ya lenzi kwa sababu ya unyevu, na dawa yake ni kutoiacha kamera kwenye mfuko wa ngozi wakati wa masika.

Sasa bei. Dola moja naihesabu kwa shilingi 2,600, na hizi ni bei nilizokutana nazo mwenyewe kabla ya usafirishaji. Hudi ya chuma isiyo na jina kutoka China, yenye matundu ubavuni, ni dola 5 hadi 10, yaani shilingi 13,000 hadi 26,000. Hudi halisi ya Leica iliyotumika huanzia dola 50 na kupanda. Tofauti ni kubwa, lakini kazi ya kuzuia jua ni ileile. Unacholipia zaidi ni jina na jinsi inavyokaa vizuri kwenye lenzi yake. Yale matundu yana maana: kwa kuwa kidirisha kiko juu pembeni, hudi nzima huziba kona ya kile unachokiona, na matundu hukuachia uchungulie. Hudi ya mpira ni rahisi, lakini haina matundu na hulegea kwa joto.

Iko pia njia ya karibu bure. Karatasi nyeusi ya manila ya duka la vifaa vya shule, mkasi na gundi vinatosha. Kwa lenzi ya milimita 50 nakata ukanda wa upana wa kama milimita 25 na kuukunja uwe bomba linalotanuka kidogo kwa mbele. Kwa lenzi ya milimita 35, ambayo huona mapana zaidi, naufanya mfupi zaidi. Ili kujua kama hudi inakata pembe, fanya hivi kamera ikiwa haina filamu: fungua mgongo, weka shata kwenye B na uibane ibaki wazi, fungua tundu la lenzi lote, kisha chungulia kutoka kwenye kona ya dirisha la filamu. Ukiona ukingo wa hudi ndani ya duara la lenzi, punguza.

Filta ninayoipendekeza ni moja, ya njano, kwa wanaotumia filamu ya nyeusi na nyeupe. Hula hatua moja tu ya mwanga, na mawingu juu ya kilele cha Bondwa hutokea yakiwa na umbo. Ya chungwa hula kama hatua mbili. Nyekundu hula tatu, na ndani ya msitu hilo ni gharama isiyolipika: kama kipimo chako kwa filamu ya 400 ni f/4 kwa 1/60, nyekundu inakutaka f/1.4, wakati lenzi ya Jupiter-8 ya Zorki inaishia f/2. Halafu nyekundu hufanya majani yawe meusi tii. Ya kijani huing'arisha migomba na msitu, ila hukoleza ngozi zetu za kahawia. Nikipiga watu kwenye vijiji vya Uluguru kama Mgeta au Matombo naiacha nyumbani na kubaki na njano, ambayo hung'arisha uso kidogo.

Wauzaji husema filta hukata ukungu. Inategemea ni upi. Ule utando wa buluu unaofanya safu za mbali zififie mchana hupungua kwa njano na chungwa, kwa sababu hewa hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Ukungu mweupe wa asubuhi ni matone ya maji, yanayotawanya rangi zote sawasawa. Hakuna filta ya bei yoyote itakayoupenya. Subiri jua lipande.

Filta ya njano ya Kisovieti iliyotumika ni dola 5 hadi 10. Mpya yenye utando mzuri, ya kampuni kama B+W au Hoya, ni dola 25 hadi 40. Hapa ningelipa zaidi, kwa sababu ya zile nyuso mbili. Kwenye Canonet, jicho la kipimo cha mwanga liko ndani ya pete ya lenzi, hivyo filta hulifunika na hesabu hujifanya. Kwenye Yashica Electro 35 jicho liko kwenye mwili wa kamera: filamu ya 400 na filta ya njano, weka ASA 200 mwenyewe.

Kilichoniumiza zaidi ni saizi ya mdomo wa lenzi. Lenzi za Kisovieti za Jupiter-8 na Industar-61 zina hesi za milimita 40.5. Lenzi ya Canon ya 50 mm f/1.8, inayoingia pia kwenye Zorki na FED, ina 40. Muuzaji mmoja alinihakikishia ni kitu kimoja. Hudi ilifika baada ya wiki kadhaa na haikushika. Lenzi nyingi za Leica za miaka ya 1950 ni 39, na ile ya zamani ya Elmar haina hesi, hubanwa kwa nje kwa pete ya 36. Canonet QL17 GIII ni 48, Yashica Electro ni 55. Lenzi ya Jupiter-12 nayo ina pete ya tundu ndani, mbele kabisa, kwa hiyo weka tundu kwanza ndipo ufunge filta. Mwenye lenzi mbili zilizo chini ya 49 anunue filta ya 49 na ringi za kuunganishia za dola 3 hadi 5, badala ya filta mbili.

Ukiagiza nje, usisahau gharama ya posta, ambayo huweza kuizidi hudi yenyewe, na VAT ya asilimia 18. Agizeni watu watatu kwa pamoja mkiweza. Na kabla hujatuma shilingi hata moja, pima mdomo wa lenzi yako kwa rula, kisha mwombe muuzaji picha inayoonyesha namba iliyochongwa kwenye hudi.