Sinema ya Vugiri

Machi 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Korogwe, ulianza mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Mwendeshaji wake alikuwa Meja L. A. Notcutt, ambaye miaka ya 1920 alisimamia shamba la mkonge Afrika Mashariki. Huko shambani ndiko wazo la sinema lilikomjia: aliona ingewaburudisha vibarua, nao wangetulia kazini. Asili hiyo isisahaulike, maana ndiyo iliyoamua filamu zake zingesema nini.

Hadi mwaka 1937 zilikuwa zimetoka filamu 35 hivi, nyingi fupi, kuhusu safura, kodi, kilimo na mifugo. Moja ilihusu benki ya posta: mtu anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazifukua, mwenzake aliyeziweka benki hapotezi kitu. Waigizaji walikuwa wenyeji. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha, kwa Kiswahili na lugha nyingine, na maonyesho yakapelekwa kwa gari vijijini, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Ulikuwa ufundi wa kusifiwa, na somo la safura lilihitajika kwelikweli. Lakini santuri haijibiwi. Manamba aliyeletwa Tanga kukata mkonge alifundishwa kuweka akiba. Mshahara wake ulitosha nini, hilo halikuwa somo. Mtazamaji alihesabiwa kuwa mwanafunzi, na aliyejua alikuwa mwenye kamera. Serikali za kikoloni hazikukubali kuugharimia mradi zaidi, ukafungwa 1937. Filamu chache zimesalia, mojawapo ikiwa ile ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro.

Njia tofauti kabisa ilishikwa baadaye na mtengenezaji filamu Flora M'mbugu-Schelling. Mwaka 1987 alitoa Kumekucha, juu ya wanawake wa Tanzania na kazi zao. These Hands ya mwaka 1992, yenye dakika 45, aliipiga Kunduchi, pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kwa wanawake waponda kokoto, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Msimulizi hayumo. Kamera inakaa nao kwa muda mrefu, nyundo zinagonga, wanaimba, wanazungumza. Siasa ya filamu imo katika subira hiyo: anayetaka kujua kokoto ina thamani gani hana budi kuwatazama wanaoiponda.