Anayelisubiri kondo la nyuma

Saa nane usiku katika wodi ya wazazi, mtoto akishalia na mama akishafunikwa khanga, kazi moja huwa bado. Mkunga husubiri kondo la nyuma litoke, hulipokea kwenye beseni, hulifunua chini ya taa na kulikagua kila upande ahakikishe hakuna kipande kilichobaki ndani. Kama familia haikuliomba likazikwe nyumbani, hupelekwa kwenye shimo la kondo nyuma ya hospitali, na habari yake inaishia hapo.

Katika hospitali chache za Afrika Mashariki, wakati mwingine yupo mtu aliyekaa kwenye benchi la koridoni, kisanduku cha barafu kiko miguuni, akilisubiri kondo hilo. Si ndugu wa mzazi. Ana shahada ya uzamivu, kwao ameshaanza kuitwa daktari, lakini usiku huu yuko pale kwa sababu seli anazozitafuta hazingoji asubuhi. Akichelewa saa chache zinaanza kufa. Akilipata ataliosha damu kwa maji ya chumvi, atalikata vipande vidogo, atavichambua mpaka zibaki seli mojamoja, kisha atazipitisha kwenye mashine inayozihesabu na kuzipanga kwa mwanga wa leza. Nyingine atazihifadhi kwenye nitrojeni kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Tangazo la kazi lililomleta hapo lilimwita mtafiti wa baada ya uzamivu katika kinga ya mwili na uzazi. Mikataba ya namna hiyo mara nyingi ni ya miaka miwili au mitatu.

Anachokitafuta kinaanzia kwenye swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa figo anaweza kuliuliza. Mwili wa binadamu haupokei kitu cha mwenzake kirahisi. Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza, aliliona hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipokuwa akihangaika na watu walioungua. Ngozi ya mtu mmoja ikibandikwa kwa mwingine hushika siku chache kisha hukataliwa, na ikirudiwa kutoka kwa mtu yuleyule hukataliwa upesi zaidi. Mwili umekumbuka. Mwaka 1953 Medawar akaugeukia mji wa mimba. Nusu ya vinasaba vya mtoto vimetoka kwa baba, ambaye kwa kinga ya mama ni mgeni. Figo ya baba huyo isingedumu ndani ya mama bila dawa za kuituliza kinga. Mbona mtoto wake anakaa miezi tisa?

Medawar alikisia mambo matatu: huenda mama na mtoto wametenganishwa na ukuta, huenda mtoto bado ni mchanga mno hata kinga ya mama haimtambui, au huenda kinga yenyewe husinzia wakati wa mimba. Mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet kwa kueleza jinsi mwili unavyojifunza kuvumilia kisicho chake. Swali la mimba lilibaki wazi.

Kisio la tatu ndilo lililotushika zaidi. Mpaka leo utasikia ikisemwa kwamba mjamzito "kinga yake imelala". Haijalala. Katika miezi mitatu ya mwanzo ukuta wa mji wa mimba umejaa seli za kinga, na takriban asilimia 70 ya hizo ni za aina moja, zinazoitwa NK. Kwingineko mwilini seli za jamii hii huua seli zilizoingiliwa na virusi au zilizogeuka saratani. Hapa haziui. Zinakutana na seli za kondo zinazojichimbia ukutani kama mizizi ya mkoko topeni, na baina yao hupita maneno, kwa lugha ya protini.

Naifananisha hali hiyo na posa. Upande wa baba umefika mlangoni, washenga wanajieleza, na wenye nyumba wako macho kabisa, wanasikiliza. Seli za kondo zimeacha nje vitambulisho vya HLA-A na HLA-B, vile ambavyo vingeamsha ugomvi. Zimebaki na HLA-C, ambayo inaweza kubeba alama ya baba, na HLA-E, na HLA-G ambayo ni nadra kuikuta sehemu nyingine za mwili. Seli za NK zinazisoma alama hizo kwa vipokezi vyake, kimojawapo ni familia iitwayo KIR. Wakielewana, vijishipa vyembamba vya mama vilivyojisokota hupanuliwa vikawa mifereji mipana, na damu ikaingia kondoni taratibu, tele, miezi yote iliyobaki.

Wasipoelewana, mifereji hubaki myembamba. Kondo linakosa damu ya kutosha, linafadhaika, linamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoumiza mishipa yake mwili mzima. Baada ya wiki ya 20 presha inapanda kufika 140 kwa 90 au kuzidi, protini zinaonekana kwenye mkojo, na mambo yakiharibika zaidi huja kile tunachokiita kifafa cha mimba.

Mwaka 1998 kilimpata dada yangu katika mimba yake ya kwanza. Miguu ilivimba, kichwa kikauma siku tatu, akawa anaona vimulimuli mchana. Sisi nyumbani tukasema ndiyo mimba ilivyo. Alipoanguka jikoni na kukakamaa, jirani mmoja alisema ni jini, na nusu saa nzima ikapotea watu wakibishana nani aitwe. Hospitalini wakamchoma sindano za kuzuia mitukutiko na kumtoa mtoto kwa upasuaji kabla ya siku zake. Wote wawili walipona. Mama yangu alimshika muuguzi mkono akamuuliza, "Mwanangu, kimetoka wapi kitu hiki?" Muuguzi akamjibu, "Mama, dawa yake ni kondo litoke. Limeshatoka." Alikuwa amesema kweli yote iliyokuwepo. Sindano ya maginesiamu salfeti huzuia kifafa, na utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha inapunguza hatari hiyo kwa nusu. Lakini inapunguza madhara, haigusi chanzo. Tiba yenyewe bado ni ileile ya muuguzi: kondo litoke, hata kama mtoto hajakomaa.

Kujua kimetoka wapi kulihitaji mtu wa kukaa kwenye benchi lile. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Ashley Moffett na wenzake walikuwa wamegundua kwamba kwa wanawake wa Ulaya, mama mwenye mchanganyiko fulani wa vinasaba vya KIR anayebeba mtoto mwenye aina fulani ya HLA-C yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Walijua pia kwamba vinasaba vingine vya KIR humlinda mama. Jambo lingeweza kuishia hapo, Waafrika wakaambiwa na wao ni hivyohivyo. Annettee Nakimuli, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na Moffett, aliwatazama wanawake waliojifungua Mulago, Kampala. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Hatari ilikuwa ileile. Ulinzi ndio ulikuwa tofauti: ulitoka kwenye sehemu nyingine ya vinasaba vya KIR, sehemu ambayo Wazungu hawana katika umbo hilo. Jibu la Cambridge lilikuwa sahihi kwa Cambridge, na la Kampala lisingepatikana popote isipokuwa kwenye damu ya wanawake wa Kampala.

Haikuwa mara ya kwanza kondo la huku kuufundisha ulimwengu. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha, kwa makondo ya wanawake wa magharibi mwa Kenya, kwa nini malaria huwaandama wajawazito hata wale walioizoea tangu utotoni. Vimelea vinavyokaa kondoni hujinata kwenye sukari iitwayo kondroitini salfeti A, tofauti na vimelea vya wagonjwa wengine. Mimba ya kwanza mama hana kingamwili dhidi ya vimelea hivyo. Kufikia ya pili au ya tatu anazo. Kazi hiyo iliendelea Muheza, mkoani Tanga, miaka ya 2000, akina mama na watoto wao wakifuatiliwa kwa muda mrefu. Protini ambayo vimelea hujishikizia nayo, VAR2CSA, sasa ni msingi wa chanjo zilizokwisha kujaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo.

Kwa hiyo ninapoona tangazo la nafasi kama ya yule mtafiti wa benchini huwa nalisoma mpaka mwisho, na mara nyingi naumia. Miaka miwili! Kibali cha kamati ya maadili peke yake kinaweza kula miezi. Mimba ni miezi tisa, na mama wa kumfuatilia huwezi kumharakisha. Kijana anamaliza mkataba ndiyo kwanza sampuli zimetimia. Ruzuku imekwisha, anarudi kufundisha darasa lililofurika, au anapanda ndege na ujuzi wake. Seli zake zinabaki kwenye nitrojeni hazina wa kuzisoma. Mimi ningetaka mikataba ya miaka mitano, yenye makao hospitalini, na mashine ya leza iwe jengo la pili na si bara la pili.

Ningetaka pia watafiti hao wafundishwe kuomba ridhaa. Kwetu mtu husema kwao ni pale kitovu chake kilipozikwa, na nyumba nyingi kondo nalo huzikwa kwa heshima, mahali panapojulikana na wazee. Mwanamke aliye kwenye uchungu akiambiwa "saini hapa" hajaridhia chochote. Aulizwe kliniki, mapema, akiwa ametulia, na mama yake au mkwewe akitaka kuuliza maswali ajibiwe. Aambiwe wazi kwamba vipande vichache vinatosha na kilichobaki anaweza kurudishiwa. Wengi wakielezwa hivyo watakubali. Wanajua uchungu wa kumzika mzazi.

Yule mtoto wa 1998 ni msichana, na sasa ni mjamzito, mimba ya kwanza, wiki ya 24. Binti wa mama aliyepata maradhi hayo naye yuko kwenye hatari kuliko wenzake, kwa hiyo daktari amempa aspirini ya kiwango kidogo na kumtaka asikose kliniki hata mara moja. Mama yangu, ambaye macho yamepungua nguvu na kadi haisomi tena, humngoja barazani. Hamuulizi mtoto anachezaje wala tarehe ni lini.

"Ya juu ngapi?" anamuuliza. "Na ya chini?"