Je, kompyuta yaweza kugawa maji ya mfereji?

Ukitaka kumwona mtu anayeyaelewa maji, nenda Mboghoni, wadi ya Taveta iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, umtazame mkulima akigeuza mfereji alfajiri. Hana kipimo mkononi wala karatasi. Anaondoa gunia la mchanga lililoziba mdomo wa mfereji, anasimama kidogo, kisha analirudisha nusu. Ukimuuliza kwa nini hakuuacha mdomo wazi kabisa, atakuambia kwamba maji ya huko juu bado yako njiani. Akiyataka kwa pupa, yakifika yatamzoa yeye na migomba yake.

Jambo hilo dogo, msomaji mpendwa, limewakosesha usingizi wahandisi wa vyuo vikuu kwa miaka mingi.

Mama anayepika maharagwe kwa makaa anaijua shida yenyewe. Sufuria nzito haichemki papo hapo. Asiye na subira huongeza makaa, akaongeza tena, na hapo maharagwe yanapoanza kutokota hufurika na kuzima jiko zima. Kosa lake si uvivu. Ni kwamba alichokifanya saa hii kitaonekana baadaye, naye alikata shauri kwa kutazama sufuria ya sasa.

Mfereji una tabia hiyo hiyo, ila ni mrefu zaidi. Ukifungua lango la juu, mkulima wa kilomita tano chini hayaoni maji mara moja. Yanaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na njiani kuna wengine watano wanaofungua na kufunga. Kila mmoja akimsumbua mwenzake, maji huanza kuyumba: leo mafuriko, kesho ukame, ingawa chemchemi haikupungua hata tone.

Taveta si mahali pa kukosa maji hivi hivi. Mvua na theluji ya Kilimanjaro huzama ardhini na kuibuka huku chini katika chemchemi kama Njoro Kubwa. Mto Lumi nao hushuka kutoka mlimani, ukaingia Ziwa Jipe lililo mpakani na Tanzania. Ndizi, nyanya na vitunguu vinavyofika masoko ya Mombasa na Nairobi kutoka huko vimenyweshwa na maji hayo. Lakini mto huo huo ukipata mvua ya mlimani, hufurika hata kama mbingu ya Mboghoni ni nyeupe. Anayelala akitazama anga lake pekee ataamkia majini.

Wazee wa pande hizi walitafuta dawa mapema. Wachaga walichimba mifongo yao mlimani karne nyingi zilizopita, na ng'ambo ya Ziwa Jipe, Wapare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo yanayojaa usiku na kufunguliwa mchana. Ndiva ni akili kubwa. Badala ya kubishana na maji yanayochelewa, unayaweka karibu na shamba ili yasichelewe tena.

Mashine hujifunza vipi?

Mwaka 1871 Mfaransa Saint-Venant aliandika kanuni za mwendo wa maji katika mfereji wazi. Kanuni hizo ni za kweli, lakini ni nzito, na zinataka ujue umbo la kila hatua ya mfereji. Nani atapima kila hatua?

Miaka ya mwisho ya 1990, Chuo Kikuu cha Melbourne huko Australia kilishikana mikono na kampuni ya Rubicon inayohusika na malango ya mifereji. Wasomi kama Iven Mareels na Erik Weyer walikuwa na wazo la kuuacha mfereji ujieleze wenyewe. Katika mfereji mkuu wa Haughton, jimbo la Queensland, malango yalifunguliwa na kufungwa kwa vipimo huku kina cha maji kikiandikwa kila mahali. Kompyuta ikapewa namba hizo itafute uhusiano: lango likipanda kiasi hiki, maji ya lango linalofuata hupanda kiasi gani, na baada ya dakika ngapi?

Hesabu iliyopatikana ilikuwa fupi kuliko ya Saint-Venant, lakini ilitosha kutabiri maji yatakavyokuwa. Baadaye malango yanayotumia nguvu za jua na kuzungumza kwa redio yakaenea katika mashamba ya Coleambally, jimbo la New South Wales. Lango la chini likihitaji maji, la juu huambiwa kabla uhaba haujafika.

Lakini mfereji haubaki ulivyo. Matope hujaa, matete huota, ng'ombe hubomoa kingo. Hesabu ya Januari yaweza kuwa uongo kufika Juni. Hapo ndipo linapoingia somo lililoshughulikiwa na Karl Johan Åström na Björn Wittenmark wa Lund, Sweden, katika makala yao ya mwaka 1973: mashine isijifunze mara moja tu ikaacha, bali kila siku ilinganishe ilichotabiri na kilichotokea, kisha ijirekebishe. Åström alikuwa ameanza kazi ya namna hii kwenye kiwanda cha karatasi. Unene wa karatasi nao hupimwa wakati kosa limekwisha kutendeka.

Kuna na njia nyingine, ya kujaribu na kukosea, na Wakenya waliiona juu ya vichwa vyao. Julai 2020 maputo ya Loon yalianza kurusha mawimbi ya intaneti kutoka umbali wa kilomita 20 hivi angani, yakihudumia sehemu za magharibi na kati ya Kenya zikiwemo Iten, Baringo na Nakuru. Puto halina usukani. Linaweza tu kupanda au kushuka likitafuta upepo unaoelekea linakotaka kwenda. Watafiti waliiachia kompyuta ijaribu safari nyingi mno katika anga la kuigiza, ikituzwa ilipobaki karibu na mahali pake, kisha wakaipima kwa siku 39 juu ya Bahari ya Pasifiki. Matokeo yalichapishwa Desemba 2020. Huduma yenyewe ilifungwa mwaka 2021 kwa sababu za kibiashara, wala si kwa kushindwa kwa akili ya puto.

Sasa fikiria njia hiyo Mboghoni. Puto likikosea katika mchezo wa kompyuta, hakuna anayelala njaa. Lango likijaribu bahati yake katika mfereji wa kweli, nyanya za mtu huoza, na karo ya muhula iliyokuwa ndani ya nyanya hizo huoza nazo. Ndiyo maana utafiti wa siku hizi unasisitiza mipaka: mashine ijifunze kwanza kwenye mfereji wa kuigiza, na hata ikishapewa lango la kweli, kuwe na kiwango isichoruhusiwa kukivuka, iwe imejifunza nini au haikujifunza.

Nani ataiambia la kufanya?

Binafsi, wasiwasi wangu hauko kwenye hesabu. Mashine hutafuta ulichoiamuru itafute. Ukiiambia isipoteze maji, yaweza kugundua kwamba maji ya mkulima wa mwisho wa mfereji ndiyo yanayopotea zaidi njiani, basi ikaona nafuu kumnyima. Haitakuwa imevunja amri. Kumbe zamu ya wazee, pamoja na ugomvi wake wote, inakumbuka kwamba wa mwisho naye ana watoto. Jambo hilo ni lazima liandikwe ndani ya mashine na watu wanaolijua, na watu hao wako mferejini. Si lazima wawe wamesoma hesabu.

Ushirikiano wa vyuo vikuu si mgeni katika kaunti hii. Chuo Kikuu cha Helsinki cha Ufini kina kituo cha utafiti Wundanyi, ambako mazingira ya milima ya Taita yamechunguzwa kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilicho Voi, kilichopata hati yake mwaka 2016, kina kituo cha CEMEREM kuhusu madini na mazingira, kilichoundwa pamoja na vyuo vya Dresden na Freiberg vya Ujerumani. Huko Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kimepima kina cha Mto Muringato kwa vifaa vya bei nafuu: kifaa hufungwa juu ya maji, hutoa mlio usiosikika na binadamu, kisha huhesabu muda wa mwangwi kurudi.

Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Si mbali kwa kijana wa uhandisi anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo anaweza kumdokezea. Namba za Queensland hazimjui Lumi. Maji ya Haughton hayashuki kutoka Kilimanjaro, wala hayakatizwi na ng'ombe wanaokwenda kunywa. Kompyuta iliyofunzwa huko ikiletwa Mboghoni itakuwa kama mgeni aliyeshushwa na basi usiku.

Itakayojifunza mfereji wa Mboghoni itahitaji namba za Mboghoni, za msimu wa mvua na wa kiangazi, na za siku ambayo gunia lilisahauliwa mdomoni. Kazi hiyo haianzi kwa kompyuta. Inaanza kwa mti ulionyooka wenye alama za sentimita, uliopigiliwa kando ya mfereji, na daftari la shule lenye safu tatu: tarehe, saa, kina. Safu ya nne yaweza kuongezwa kwa ajili ya jina la aliyefungua.