Mfupa wa Mkono Ukifa, Waweza Kuhuishwa

Mtu akianguka na mkono ukamuuma, mtaani kwetu huambiwa, "Umeteguka tu, kachuliwe." Mimi nasema tusifanye haraka.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Mmojawapo, uitwao skafoidi, uko chini ya dole gumba, na ndio uvunjikao zaidi mtu anapojikinga kwa kiganja. Damu yake nyingi huingilia upande wa vidole, kisha hurudi kuelekea kiwiko. Mfupa ukikatika, kipande cha upande wa kiwiko chaweza kukosa damu, kikafa polepole.

Hapo daktari bingwa aweza kukata kipande cha mfupa mkubwa wa jirani, kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu, akakipachika palipokufa. Ni kama kuhamisha mche pamoja na udongo wake. Lakini si kila mfupa huunga, na kiungo kikishasagika, upasuaji huu haufai tena.

Basi ndugu zangu, ukiumwa chini ya dole gumba baada ya kuanguka, kapigwe eksirei kabla ya kuchuliwa. Picha ya kwanza yaweza isionyeshe ufa. Maumivu yakiendelea, rudi baada ya wiki 2.