Sukari inayobaki kwenye molasi

Kilo moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 huyeyusha takriban kilo 2 za sukari. Yakifika nyuzi 80, hupokea zaidi ya kilo 3.5. Yakipoa, ile ziada hujitenga na kuwa chembe. Kwa hiyo kazi ya kiwanda ni kuchemsha na kupoza tu? Hesabu inakataa: zile kilo 2 bado zimo ndani ya maji baridi, na ni zaidi ya nusu ya mali.

Ndiyo maana viwanda vyetu, kuanzia Kilombero na TPC Moshi hadi Kakira nchini Uganda, hutumia nguvu nyingi kufukuza maji. Juisi ya miwa ina sukari asilimia 15 hivi. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Mwaka 1843 Norbert Rillieux wa Louisiana alipata hataza ya mtambo ambao mvuke wa chungu kimoja huchemsha kinachofuata, na njia hiyo inatumika hadi leo. Kuni ni makapi ya miwa yenyewe. Kakira huuza umeme wa ziada kwenye gridi ya taifa, hivyo mvuke unaopotea ni fedha inayopotea.

Moto mkali nao huunguza sukari. Tangu Mwingereza Edward Charles Howard alipobuni chungu kilichoondolewa hewa, mwaka 1813, shira huiva kwa nyuzi 70 hivi. Sukari guru hupikwa kwenye makarai ya wazi, ikapata ile rangi na ladha ambayo wateja wake huitafuta.

Duru ya mwisho ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Uji mzito wa shira na chembe hukorogwa na kupozwa polepole, pengine kwa siku nzima, hadi nyuzi 40 na kitu. Ukipozwa haraka, huzaa chembe za vumbi zinazopenya chujio. Ukipoa mno, haumwagiki. Fundi anayeujua mpaka huo anastahili mshahara mnono.

Kinachotoka mwisho ni molasi, na karibu nusu ya uzito wake bado ni sukari, imeshikiliwa na uchafu ambao ubaridi hauwezi kuushinda. Miwa ikilala shambani siku kadhaa baada ya kukatwa, uchafu huo huongezeka. Lori likichelewa barabarani, sukari ya mkulima inaishia kwenye pipa la molasi, ikauzwe kwa wafugaji na watengenezaji wa spiriti kwa bei ya chini.