Mkiachana, Mbwa Atabaki na Nani?

Mapenzi yakiwa motomoto watu hupeana zawadi za kila aina. Zamani ilikuwa kadi na maua, zikaja simu, na siku hizi si ajabu kusikia dada fulani kaletewa mbwa mdogo ndani ya kikapu, kavishwa utepe mwekundu shingoni. Picha zinapigwa, mashosti wanashangilia, na kila mtu anataka kumbeba. Swali ambalo hakuna anayeliuliza siku hiyo ni moja: mkiachana, au mmoja wenu akihamishwa kikazi, huyu kiumbe atakwenda wapi?

Friji ina risiti, na kochi lina aliyelinunua. Mbwa je? Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 13 hivi, na paka wa ndani anaweza kufika 15 au zaidi. Nadhani utakubaliana nami kwamba zipo ndoa nyingi tu ambazo hazikufika huko.

Wanakoishia

Kwa jirani zetu wa Nairobi, sehemu ya jibu iko mtaa wa Karen, kwenye kituo cha KSPCA, chama cha ulinzi na utunzaji wa wanyama ambacho historia yake inaanzia mwaka 1910. Kazi yao ni kuwaokoa na kuwatibu mbwa na paka waliotupwa, waliojeruhiwa au kuteswa, na hata punda wanaovuta mikokoteni. Wanaofaa kuishi na watu hutafutiwa nyumba mpya. Chama hicho si cha serikali. Kinategemea michango ya watu wa kawaida, kama mimi na wewe.

Tusidhani kwamba wanaofika kwenye vituo vya aina hii ni mbwa koko peke yao. Wanaofanya kazi hii, katika nchi nyingi, hutaja sababu zilezile: wenye mnyama wamehama, mwenye nyumba mpya hataki mbwa, mtoto kazaliwa, mfuko umetoboka, au wapenzi wameachana. Kumbe ni mambo yetu haya haya tunayoyajadili kila mwezi kwenye kurasa hizi!

Sababu nyingine ni uzazi. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Tuseme wamezaliwa sita, majirani wakachukua wawili. Wale wanne? Ndipo utasikia kiroba kimekutwa jalalani alfajiri, na ndani kuna vilio. Kwa hiyo vituo makini humfunga kizazi mnyama kabla ya kumtoa. Najua baadhi ya akina kaka hapa huruka: "Eti dume langu lihasiwe?" Jamani kaka zangu, anayehasiwa ni mbwa, wala si nyie. Na mara nyingi atapunguza kuzurura usiku akifuata majike, tabia ambayo humletea majeraha na ajali.

Faida kwa mtaa mzima

Wapo wanaosema, "Watu hawana chakula, nyie mnahangaika na mbwa?" Hoja hiyo naielewa, ila kichaa cha mbwa hakichagui. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Watoto ndio wanaoumwa sana, maana ndio wanaocheza nao mitaani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa wakichanjwa asilimia 70 katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Lengo lililowekwa kimataifa ni kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030.

Kwa hiyo mbwa anayechanjwa kituoni ni kinga ya mtoto wa jirani yako. Na ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Unaweza kusaidia bila kufuga

Si lazima uwe na ua mkubwa. Vituo vya aina hii husimama kwa vitu vidogo vinavyotolewa mara kwa mara: mablanketi makuukuu, magazeti ya kutandika, unga na dagaa, au pesa kidogo kila mwisho wa mwezi badala ya nyingi za mara moja. Wewe mhasibu unaweza kusaidia kuweka vitabu sawa. Wewe unayepiga picha nzuri, mpige yule mbwa ambaye hakuna anayemtazama. Na wapenzi mnaotafuta pa kwenda Jumamosi bila kutumia fedha nyingi, ulizeni kama mnaweza kwenda kuwatembeza mbwa. Utamjua mwenzako vizuri ukiona anavyomvumilia mnyama mwoga.

Kaeni kitako kwanza

Kabla ya kumchukua mnyama, yajibuni haya mkiwa wawili. Nani atalipia chanjo na daktari wa mifugo? Mkisafiri, atalishwa na nani? Mwenye nyumba amekubali? Imani ya kila mmoja inasemaje? Mwenzako anayeswali anaweza kuwa na tatizo na mate ya mbwa lakini asiwe na tatizo lolote na paka. Heshimu hilo. Na la mwisho, mkiachana, anabaki na nani?

Nina marafiki, mume na mke, waliopata uhamisho kutoka Dar kwenda Mwanza. Walikataa nyumba mbili nzuri kwa sababu mbwa wao hakutakiwa. Shemeji alinuna wiki nzima, lakini makubaliano yao waliyafanya mapema, na yakasimama. Leo wanakaa nyumba ndogo yenye ua, na mbwa yupo.

Mnyama si pambo la getini, wala kibao cha "Mbwa Mkali" hakimpi mtu ruhusa ya kumfunga mnyororo mchana kutwa bila maji. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.

Kama baada ya mazungumzo bado mnamtaka, anzieni kituoni. Mtaulizwa maswali mengi kuhusu nyumba yenu, uzio wenu na kazi zenu. Msikasirike. Wanaouliza ni watu wanaolazimika kumpokea tena mnyama pale penzi la watu likivunjika.